Ameandikwa

Malaba siku ya soko haina adabu. Malori yamejipanga kutoka mpakani mpaka jicho lichoke, honi zinagombana, vumbi linaingia kwenye chai kabla ya sukari. Katikati ya fujo hiyo kijana mmoja alikuwa anapenya kati ya lori na lori, shati jeupe, suruali ya kaki yenye mstari wa pasi, amekumbatia katoni ya kompyuta kama baba aliyepewa mtoto wake wa kwanza. Jina lake Hesbon.

Alisikia msichana akipiga kelele kwa Kiteso. Hakuelewa kitu. Akaendelea na njia yake.

Turubai likamwangukia. Lote, kutoka juu ya lori hadi chini, zito, lenye harufu ya dizeli na samaki mkavu. Mchana ukazimika. Hesbon akabaki humo ndani akipapasa kama kuku aliyefunikwa na kapu, lakini katoni hakuiachilia.

"Nimesema toka! Toka!" Sauti ile ile, sasa kwa Kiswahili. Turubai likafunuliwa upande mmoja. "Wewe masikio yako ni ya kushikilia kofia?"

"Umesema kwa lugha gani?"

"Kiteso!"

"Mimi ni Mmarachi, dada!"

"Turubai halijui!"

Madereva wakacheka mpaka wakashika magurudumu. Hesbon akapangusa macho, akamwona. Msichana mrefu, ovaroli ya buluu imekunjwa mikono, kitambaa cha manjano kichwani, na sindano kubwa kama msumari imechomekwa kwenye kola. Macho yake yalikuwa yamekasirika, na kicheko kilikuwa kinasukuma kutoka nyuma ya hasira hiyo.

"Na wewe mbona hukupanda mwenyewe ukaliteremsha polepole?" Hesbon akamuuliza.

Kicheko kikarudi ndani. "Mimi sipandi juu ya lori. Kushona nashona chini."

"Unaogopa?"

"Naringa. Uliza yeyote. Leta hapo huo mkono wa shati, ndoano ya turubai imeupasua."

"Utashona na uzi mweusi? Kwa shati nyeupe?"

"Ukitaka uzi mweupe nenda Nairobi. Simama wima, usipumue. Hii sindano haina huruma, na mwenyewe pia."

Akamshona pale pale kando ya barabara, mishono mikubwa ya turubai, na Hesbon hakupumua kweli. Mapenzi, wajukuu zangu, kila moja lina mlango wake wa kuingilia. Hili liliingia na harufu ya dizeli.

Msichana aliitwa Akwii. Ufundi wa turubai aliachiwa na marehemu baba yake, mzee Ongodia, na alikuwa akishona kwenye kibanda cha bwana Mathews, mwenye cherehani kubwa ya turubai pale Malaba. Hesbon yeye alikaa mjini Busia, kazi yake kutunza rekodi za wagonjwa katika hospitali moja. Hospitali gani, tuliache jina lake mlangoni. Simu zikaanza.

"Haloo, fundi wangu."

"Nani huyo? Wanaoniita fundi ni wengi."

"Yule kuku wa kapu."

"Aaa, Mmarachi! Umekula?"

"Nimekula lakini sijashiba. Sijasikia sauti yako leo."

"Basi rudia sahani, mimi si ugali." Halafu sauti ikalainika. "Na ile shati?"

"Nimevaa. Ofisini wananiuliza ni nani amenishona kama gunia."

"Waambie ni mtu anayekupenda kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina kitu changu. Ukikiomba, unaweza kupewa. Ukikiiba, hukipati."

"Moyo."

"Moyo? Mioyo inaibwa hapa Malaba kila siku, uliza madereva."

"Busu."

"Hee! Hilo nalo linaibwa, na mwizi namjua. Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Tororo."

"Tororo nimeichoka."

"Nakupa Kampala, mpenzi, na barabara zake zote."

"Nimeenda Kampala, nimekula matoke, nimerudi. Na jibu bado sikupi. Lala salama."

Sasa niseme lile ambalo Hesbon hakulijua. Tororo Akwii aliichoka kwa sababu alikuwa akivuka kwenda huko Uganda kuchukua dawa. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Dawa ilikuwa imemshika vizuri, miaka ilikuwa imepita bila kuanguka, lakini hakuacha kumeza asubuhi na jioni, na hakupanda juu ya lori hata siku moja. Alikubali watu waseme anaringa. Maana mtu akijulikana ana kifafa, mnajua inavyokuwa. Watasema povu lake linaambukiza. Akianguka penye moto, wanaruka nyuma, wanasimama wakitazama, na mtoto wa mtu anaungua mbele ya watu wazima wenye mikono miwili. Nimewaona walioungua hivyo. Hasira ya kuona hivyo haijaniisha na sitaki iniishe.

Kabla ya kumjua Hesbon, dawa alizichukua kule kule hospitalini kwake Busia. Alipojua kijana anakaa pale na kompyuta, akahamia ng'ambo. Lakini mtu huhamisha miguu, jina hubaki. Jina lake la kitambulisho lilikuwa Petronilla Ongodia, na hilo ndilo liliandikwa pale. Hesbon alimjua kwa Akwii tu, na akina Ongodia Teso ni wengi kama mawe. Na namba ya simu ilikuwa ya shangazi Ajiko aliyemlea, kwa sababu siku zile laini ya Akwii ilikuwa ya Uganda.

Basi wakaja watafiti, mkubwa wao daktari Sharlyne, mwanamke mwembamba wa miwani, mwenye haraka. Walitaka watu wenye kifafa ili wajue ni namna gani ya matibabu inawasaidia zaidi. Kazi nzuri, sikatai. Zamani wangezunguka kijiji kwa kijiji wakiuliza nani mgonjwa. Sasa waliiuliza kompyuta: nani amepewa dawa hizi? Kompyuta haina haya. Ikataja. Ruhusa waliomba kwa wakubwa, wakapewa. Wenye majina hakuna aliyewauliza.

Hesbon akapewa simu awaite. Karatasi ya maneno ya kusema ilikuwa ya Kiingereza, akawa anaitafsiri mwenyewe kwa mdomo. Alikuwa mwangalifu. Ugonjwa wa mtu hataji ovyo, hasa simu ikipokelewa na mwingine.

"Haloo? Natafuta Petronilla Ongodia."

"Mimi ni shangazi yake!" Nyuma yake malori yalikuwa yakipiga honi. "Sema na mimi!"

"Siwezi kueleza mengi kwa simu, mama. Mwambie tu ni hospitali ya Busia. Jina lake limepita. Ameandikwa. Afike Jumatatu na kitambulisho."

"Ameandikwa?"

"Ndiyo mama, ameandikwa."

Akakata, akapigia mwingine maneno hayo hayo, na mwingine.

Wajukuu, mnaona shimo? Huku kwetu mtu akisema "ameandikwa" na anyamaze, watu wanasikia kazi. Hakuna maana nyingine. Na Akwii alikuwa amesomea kazi ya stoo, barua za kuomba alikuwa amezipeleka kila geti, hospitali hiyo ikiwemo. Kwa kuficha ugonjwa Hesbon alidhani amefunga mlango. Kumbe amefungua ule wa nyuma.

Shangazi Ajiko alipiga vigelegele pale pale sokoni, mbele ya nyanya za watu. Jioni ile jogoo akachinjwa. Kesho yake Akwii akaenda kwenye kibanda cha Mathews akiwa amebeba hasira aliyoiweka akiba muda mrefu.

"Mathews! Chukua sindano yako."

"Imefanya nini?"

"Imenichoma vya kutosha. Umenifokea mbele ya madereva, umeniita mvivu kwa sababu sipandi lori, umeniita mrembo wa bure. Leo nakuambia mbele yao hao hao: nimeandikwa. Hospitali ya Busia. Stoo! Nitakaa kwenye kiti chenye mgongo."

"Cherehani nitampa Selpha, mpwa wangu, leo leo."

"Mpe! Na umfokee kama utaweza, mama yake nitamwambia."

Madereva wakapiga makofi. Hesbon hakuambiwa kitu. Akwii alitaka kumshtua Jumatatu, amtokee ofisini, wacheke.

Jumatatu akavaa sketi nyeusi iliyonyooka, blauzi nyeupe yenye lesi kwenye kola, viatu vya kisigino alivyoazima kwa mwenzake wa kwaya. Nywele zilisukwa upya. Cheti cha stoo kwenye bahasha kubwa. Alipofika uani akakuta mabenchi yamejaa watu waliovaa kama yeye, kila mmoja na bahasha yake magotini.

"Wewe umeandikwa wapi, binti?" mzee mmoja akamuuliza. Alikuwa mzee Okwara kutoka Budalang'i, amevaa koti la ulinzi lililofifia, vifungo vimesuguliwa vikang'aa.

"Stoo, nafikiri. Na wewe mzee?"

"Geti. Mimi geti ndiyo yangu. Nimeombewa kanisani jana, watu wamesimama wote."

Mlango ukafunguliwa, Hesbon akatoka na karatasi mkononi. Alikuwa amevaa lile shati lenye uzi mweusi. Alipomwona, uso wote ukawaka.

"Akwii! Mpenzi, umekuja kuniona?"

"Nimekuja kazini, bwana. Kuanzia leo tunakula mchana meza moja, na mboga utaleta wewe."

"Kazini wapi?"

"Si mlimpigia shangazi? Jina limepita, ameandikwa. Petronilla Ongodia ndiye mimi. Hukujua nina jina la kanisani?"

Hesbon akatazama karatasi. Akamtazama Akwii. Akarudi kwenye karatasi.

Akwii akauona uso ule ukipoteza rangi. Tabasamu lake likabaki peke yake, halina wa kulipokea.

Wakati huo huo daktari Sharlyne akatoka. "Karibuni sana! Asanteni kwa kukubali kuja kusikiliza habari za utafiti wetu."

"Kazi inaanza lini, daktari?" mzee Okwara akauliza, ameshasimama wima kama yuko getini.

"Kazi gani, mzee?"

"Si tumeandikwa?"

"Ndiyo, kwa utafiti. Yaani, mkikubali. Ni utafiti wa matibabu, mtaelezwa mmoja mmoja ndani..."

Mama mmoja wa benchi la nyuma akasimama. Akamtazama jirani yake, akamtazama wa mbele, akainua kidole. "Ngojeni. Wewe, si huwa tunapanga laini pamoja kliniki ya Jumanne? Na wewe! Na wewe..."

Hakumaliza. Haikuhitajika kumaliza. Mabenchi yote yalielewa kwa pamoja. Leso zikapandishwa nyusoni. Mtu akaficha uso kwa bahasha ya vyeti. Mzee Okwara akakaa polepole, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, huku akisema, "Nimeombewa mimi. Mbele ya kanisa. Nimeombewa kwa kazi gani sasa?"

Akwii akamgeukia Hesbon. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Ulijua?"

"Akwii, sikujua ni wewe..."

"Kwa hiyo kama si mimi ingekuwa sawa?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Nimeacha cherehani ya baba yangu. Ndiyo, ya baba, aliishonea miaka yote kabla Mathews hajainunua. Nimeiacha kwa sababu ya neno lako. Na ugonjwa wangu nilimwambia daktari mmoja, mlango umefungwa. Sikuiambia kompyuta. Sikukuambia wewe! Mmenifungua mdomo mkaniangalia meno kama mbuzi wa soko la Bumala, halafu mkapiga simu kwamba mbuzi amepita."

"Tafadhali, tuingie ndani tuongee."

"Ndani? Watu hawa wote mmewaanika nje, mimi nani niingie ndani? Na usinitazame hivyo. Sema basi. Sema unaogopa povu."

Hesbon alikuwa na mengi ya kusema, lakini macho yake yalirudi kwenye karatasi ya majina. Hakuwa anaogopa povu. Alikuwa anaona simu zote alizopiga, sauti zote zilizofurahi, ah, asante sana mwanangu, Mungu akubariki. Lakini Akwii aliona kimya tu, na kimya kikiachwa peke yake hujijibia. Akavua viatu vya kuazima, akaondoka bila viatu kwenye kokoto, amenyoosha shingo.

Hesbon akapiga simu. Akwii alipokea, maana si mtu wa kukimbia vita. Lakini aliongea Kiteso tupu.

"Akwii, nisikilize, mpenzi."

Kiteso, haraka haraka, kama mvua ya mawe kwenye bati.

"Sielewi, Akwii. Ongea Kiswahili."

Kiteso tena, kali zaidi, halafu simu ikakatwa. Siku nyingine akampa simu askari wa geti, Mteso wa Amagoro, amsikilizie. Askari akasikiliza, akainua nyusi, akamrudishia simu.

"Amesema nini?"

"Kijana, mimi ni shemasi kanisani. Mengine siwezi kurudia."

"Hata kidogo?"

"Amesema usahau namba yake. Hiyo ndiyo ya kanisa."

Huko Malaba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Selpha alikuwa amekalia kiti cha Akwii. Akwii aliporudi, Mathews akamkaribisha kwa sauti ya kusikika mpakani. "Karani wa hospitali! Kiti chenye mgongo kimevunjika?" Madereva waliompigia makofi sasa walimwita daktari wa turubai. Akwii akanunua uzi, akakaa chini kando ya barabara na sindano ya mkono ya baba yake, akashona kwa mkono maturubai ya wale waliomhurumia. Vidole vikatoka damu. Lakini lililomchoma halikuwa sindano. Lilikuwa swali ambalo Mathews alikuwa ameanza kulitembeza kibanda hadi kibanda: kama haikuwa kazi, hospitali ilimwitia nini? Swali la namna hiyo halitulii mpaka lipate jibu, na Akwii alijua siku likipata, hakuna dereva atakayempa turubai wala kikombe.

Jumamosi moja Hesbon akatokea, shati lile lile. Hakwenda kwa Akwii. Akaenda moja kwa moja kibandani.

"Bosi Mathews, nimekuja kukuambia kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepiga simu. Nilitumia neno lenye maana mbili, yeye akasikia kazi, kama vile hata wewe ungesikia. Mrudishie cherehani."

Mathews akacheka, akaita madereva. "Njooni mumsikie bwana harusi! Haya, kijana. Hospitali ilimwitia nini?"

"Hilo si langu kusema."

"Ana ukimwi?"

"Si langu kusema."

"Ana mimba yako?" Watu wakacheka. "Ana kichaa? Sema, tumempa chai yetu huyu!"

"Neno lilikuwa langu na nimeomba msamaha. Sababu ni yake. Nipige ukitaka."

Mathews akamsukuma kifuani, Hesbon akaanguka kwenye rundo la turubai, akaamka, akarudi pale pale mbele yake. "Si langu kusema."

"Ni langu!"

Wote wakageuka. Akwii alikuwa amesimama, kitambaa cha manjano kimemtoka kichwani, sindano mkononi kama mkuki.

"Nina kifafa. Haya, mmesikia? Kifafa! Nameza dawa, sijaanguka tangu nilipokuja kwenye kibanda hiki, na nyinyi mlisema naringa kwa sababu sipandi malori yenu. Sipandi ili nisiwaangukie vichwani, wapumbavu! Baba yangu alijua. Alinifundisha kazi ya kukaa chini ili nile jasho langu. Turubai zilizofunika mizigo yenu mpaka Kigali ni za huyu mwenye kifafa. Kuna mchele uliolowa? Nani mchele wake ulilowa? Aseme!"

Dereva mmoja aliyekuwa ameshika kikombe cha chai, walichokuwa wakinywea pamoja na Akwii, akakitazama, akakiweka chini taratibu, akakisogeza kwa mguu.

Hesbon akainama kukichukua anywe. Akwii akamnyang'anya.

"Usinifanyie maonyesho! Chai ni yangu." Akainywa yeye mwenyewe hadi chini, akamtazama dereva yule mpaka dereva akainamisha kichwa. Halafu akarudi kwenye turubai lake, akakaa, akaanza kushona kama anayempiga mtu.

Watu wakatawanyika. Mathews akabaki akikuna shingo, anasogeza mkasi huku na kule. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, "Selpha anashona vibaya." Huo ndio msamaha wote aliokuwa nao tumboni. Akwii akamjibu, "Nimesikia. Nitafikiria," na hakuinua macho.

Hesbon akasogea, akaketi upande wa pili wa turubai, akalivuta likakaza. Turubai halishonwi vizuri na mtu mmoja.

"Nani amekuambia ushike?"

"Niachie?"

Akwii akashona mishono kadhaa. "Shika."

"Siku ile sikunyamaza kwa sababu ya povu," Hesbon akasema. "Nilikuwa naona watu wote niliowadanganya bila kujua. Nimewapigia wote tena, nimeomba msamaha. Mzee Okwara nilimwendea mpaka kwao. Alinifungulia geti, akanitukana, akanifungia. Daktari Sharlyne naye amekubali: sasa mtu ataulizwa kwanza na nesi wake anayemjua, ndani, peke yake, kama anataka hata kupigiwa simu."

"Hmm."

"Na wewe jina lako nimelitoa kabisa. Hawatakusumbua tena."

Sindano ikasimama. "Umelitoa?"

"Ndiyo, mpenzi."

"Nani amekuambia ulitoe?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Uliniandika bila kuniuliza, sasa umenifuta bila kuniuliza! Mimi ni ubao wa shule? Unajua kama nataka? Unajua kama kuna siku nilikaa kitandani nikiomba mtu mmoja duniani ajishughulishe kujua dawa gani inatufaa sisi?"

Hesbon akafumba macho. "Ee Mungu. Nimefanya tena."

"Umefanya tena!"

"Akwii."

"Nini!"

"Naomba kukuuliza."

Hilo lilimfikia. Akamtazama kwanza kama mtu anayepima uzi. "Uliza."

"Unataka jina lako lirudi?"

"Nitakuja mwenyewe. Nitakaa mbele ya huyo daktari wa miwani, anieleze kila kitu kwa Kiswahili cha watu. Nikiridhika, nitakubali. Nisiporidhika, nitakataa na kuondoka na viatu vyangu mguuni."

"Sawa. Naomba kuuliza lingine."

"Leo una maswali kama askari wa mpakani."

"Utanioa? Yaani, naomba nikuoe. Unakubali au unakataa? Ukikataa nitaendelea kushika turubai mpaka liishe, halafu nitaondoka."

Lori likapiga honi, vumbi likawapitia wote wawili.

"Wewe unajua watu watasema nini? Mama yako huko Bumala atasema nini?"

"Atasema mengi. Wewe ukikubali, tutamwambia pamoja, siku utakayoichagua wewe, na maneno utakayoyachagua wewe. Lakini sijamuuliza mama. Nimekuuliza wewe." Halafu akatulia ghafla, akacheka peke yake. "Ngoja. Kile kitendawili."

"Kitendawili gani?"

"Ukikiomba unaweza kupewa. Ukikiiba, hukipati. Ni ndiyo! Ni ndiyo yako!"

Akwii akageuza uso upande wa malori ili asionekane. "Umechelewa. Ningekuwa nimeshakula mji wa tatu."

"Basi nimepata?"

"Umepata jibu la kitendawili. Usijisifu, mimi bado nimekasirika."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Pasaka."

"Nitangoja mpaka Pasaka."

Akakata uzi kwa meno, akaichomeka sindano kwenye kola, akamshika mkono wa shati pale penye mishono myeusi, akauvuta kuona kama umelegea. Ulikuwa haujalegea hata kidogo.

"Jumapili uje kwetu Amagoro," akasema. "Uvae shati lingine, hili limeshaniaibisha. Shangazi atakutukana kwanza, umsikilize mpaka amalize, ana haki. Halafu twende kwa padri, mimi na wewe, kwa miguu yetu."

"Kufanya nini?"

"Tuandikwe."